Jinsi ya kuhesabu mawimbi kwenye chati ya hisa bila kujidanganya

Aliyekulia pwani hahitaji kufundishwa kwamba maji yakijaa hayaji kwa mkupuo. Wimbi linapanda mchangani, linarudi, linalofuata linafika mbele kidogo, na ukijisahau nusu saa unakuta ndala zimelowa. Charles Dow, yule Mmarekani ambaye jina lake limebaki kwenye faharisi ya Dow Jones (faharisi ni kipimo kimoja cha bei za hisa nyingi kwa pamoja), aliutumia mfano huohuo kulielezea soko la hisa: kuna kujaa na kupwa, kuna mawimbi, na kuna viwimbi juu ya mawimbi. Aliyekwenda mbali zaidi na wazo hilo ni Ralph Nelson Elliott (1871–1948), mhasibu aliyefanya kazi na makampuni ya reli Amerika ya Kati mpaka maradhi yakamrudisha nyumbani. Katika miaka ya 1930, akiwa California, alizipekua chati za miaka mingi, na mwaka 1938 akachapisha dai lake: bei husonga kwa hatua tano kuelekea upande wake, kisha hurekebishwa kwa hatua tatu, na kila hatua ukiifungua ndani unakuta hatua ndogo za mtindo uleule.

Nitakuonyesha namna ya kuziandika alama za hatua hizo kwa mfano mmoja wa kweli: faharisi ya S&P 500 ya Marekani, inayofuatilia hisa za makampuni makubwa 500 hivi, kuanzia Machi 2020 hadi Oktoba 2022. Sitakuambia ununue nini. Kuhesabu mawimbi na kufanya biashara ni kazi mbili, na anayezichanganya mapema huishia kuhesabu anachokitamani. Ada ya somo hilo nimeshailipa, nitafika huko.

Kabla ya kushika penseli

Usianze na hisa ndogo za nyumbani. Mimi nilianza na hisa moja ya soko la Dar es Salaam ambayo wiki nyingine haiuzwi hata mara moja. Chati yake ilikuwa ngazi: imelala, imelala, imeruka, imelala. Nilikaa miezi nikihesabu mawimbi mahali pasipo na maji. Nadharia hii inadai kusoma mihemko ya umati, hivyo inataka umati uwepo. Safaricom pale Nairobi ina uhai zaidi kwa kuwa inauzwa kila siku, lakini kwa mwanafunzi hakuna kinachoshinda faharisi kubwa yenye wanunuzi na wauzaji wengi kila dakika. Ndiyo maana nimeichagua S&P 500. Soko lake hufungwa saa 5 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, au saa 6 wakati wa baridi yao, kwa hiyo hata mwenye kazi ya mchana anaweza kuisoma chati iliyokamilika kabla ya kulala, au asubuhi kwenye daladala.

Fungua chati ya siku kwenye programu yoyote unayoitumia. Achana kwanza na mishumaa, yale maumbo yanayoonyesha bei ya kufungulia, ya juu, ya chini na ya kufungia kwa kila siku, weka mstari wa bei za kufungia. Mishumaa ina habari nyingi kuliko unazoweza kuzibeba kwa sasa. Kisha weka skeli ya logi, ile ambayo kupanda kwa asilimia 10 kunachukua urefu uleule iwe bei ni 2,000 au 4,000. Kwenye skeli ya kawaida mawimbi ya zamani yanaonekana madogo kuliko yalivyokuwa, nawe utalidharau wimbi la kwanza bila sababu.

Halafu ichapishe kwenye karatasi. Najua tovuti ya chati ya TradingView ina kifaa cha kubofya mara chache tu na namba 1 hadi 5 zikajipanga zenyewe, zimepambwa. Kwa anayejifunza ni hatari, kwa sababu alama ikishapambwa inaonekana kweli. Penseli na kifutio vinakukumbusha kwamba ulichokiandika ni makisio.

Hatua ya kwanza: orodha ya vilele na mabonde

Hapa ndipo wengi wanaporuka. Wanatazama chati, wanaona kitu kinachofanana na tano, wanaandika tano. Wewe usiandike namba yoyote mpaka uwe na orodha.

Chagua kizio kimoja cha mgeuko na usikibadilishe katikati ya kazi. Mimi nimechukua asilimia 5 kwa bei za kufungia: bei ikigeuka kwa asilimia 5 au zaidi kutoka pale ilipofika, pale panaingia kwenye daftari. Isipogeuka kiasi hicho, napita. Faida yake ni moja tu, nayo inatosha: orodha haijui wewe unatamani nini.

Kwa kipindi cha kupanda, kuanzia bonde la korona, daftari langu linasema hivi:

23 Machi 2020: 2,237
26 Machi: 2,630
1 Aprili: 2,471
8 Juni: 3,232
11 Juni: 3,002
2 Septemba: 3,581
23 Septemba: 3,237
12 Oktoba: 3,534
30 Oktoba: 3,270
2 Septemba 2021: 4,537
4 Oktoba 2021: 4,300
3 Januari 2022: 4,797

Tazama pengo kati ya 30 Oktoba 2020 na 2 Septemba 2021. Miezi kumi, na bei haikurudi nyuma asilimia 5 hata mara moja. Kabla ya alama yoyote, orodha imeshakuonyesha mahali soko lilipokuwa na nguvu kuliko pote. Likumbuke pengo hilo.

Hatua ya pili: sheria tatu, basi

Wimbi la msukumo, yaani lile la hatua tano, lina sheria tatu zisizojadiliwa. Hatua ya 1, 3 na 5 huenda upande wa soko. Ya 2 na ya 4 hurudi nyuma.

Wimbi la 2 halirudi kupita pale lilipoanzia wimbi la 1. Kati ya 1, 3 na 5, wimbi la 3 haliwi fupi kuliko yote. Wimbi la 4 haliingii eneo la wimbi la 1: soko likiwa linapanda, bonde la 4 halishuki chini ya kilele cha 1.

Sheria ya tatu ina mlango mmoja wa pembeni unaoitwa kabari. Ni umbo la hatua tano lililobanwa kati ya mistari miwili inayokaribiana au kuachana, na humo 4 inaruhusiwa kuingia eneo la 1. Kabari hutokea mwanzoni au mwishoni mwa safari, na nayo ina masharti yake ya urefu: inayobanwa, 3 iwe fupi kuliko 1 na 5 fupi kuliko 3, inayopanuka, kinyume chake. Nakuonya mapema kwa sababu kila mwanafunzi akibanwa na sheria ya tatu hukimbilia mlango huo.

Mengine yote utakayoyasikia, ya kwamba 2 hurudi nusu ya 1, kwamba 3 ni mara 1.618 ya 1, kwamba 2 ikiwa kali basi 4 itakuwa ya pembeni na ya uvivu, ni mazoea. Yanasaidia kuchagua kati ya hesabu mbili zilizopita sheria. Hayaiokoi hesabu iliyovunja sheria.

Hatua ya tatu: andika, kisha jaribu kuivunja

Turudi kwenye orodha. Jicho la kwanza linaona hivi: 1 ni kutoka 2,237 hadi 3,232. 2 inashuka hadi 3,002. 3 inapanda hadi 3,581. 4 inashuka hadi 3,237. 5 inapaa mpaka 4,797.

Inavutia. Kwa sheria ya kwanza iko salama. Kwa sheria ya tatu imepona kwa uzi: kilele cha 1 ni 3,232 na bonde la 4 ni 3,237, pointi tano tu. Mwanafunzi akiona hivyo hufurahi, anasema soko limeheshimu mstari. Sasa pima urefu. Wimbi la 1 lina pointi 995. La 3 lina 579. La 5 lina 1,560. La 3 ndilo fupi kuliko yote, na hesabu imekufa hapo hapo. Ukipima kwa asilimia jibu halibadiliki: 44, 19, 48.

Hesabu ikifa, rudi kwenye orodha ujiulize ni kipande gani kinaomba kuwa sehemu ya kikubwa zaidi. Kumbuka lile pengo la miezi kumi. Pahali penye nguvu kuliko pote mara nyingi ni tumbo la wimbi la 3, nasi tumepaita 5. Basi acha 1 na 2 pale zilipo, halafu lipeleke 3 mpaka 2 Septemba 2021:

1: 2,237 hadi 3,232, pointi 995.
2: hadi 3,002, imerudi asilimia 23 ya wimbi la 1.
3: hadi 4,537, pointi 1,535.
4: hadi 4,300.
5: hadi 4,797, pointi 497.

Sheria zote tatu zimepita, tena kwa nafasi kubwa. Lakini bado hujamaliza. Wimbi la 3 nalo linatakiwa liwe na tano ndani yake, kwa hiyo lifungue. Kwa orodha ya asilimia 5 halifunguki vizuri, kwa sababu miaka ile soko lilikuwa linapanda bila kupumua. Shusha kizio hadi asilimia 4, kwa wimbi zima la 3, si kwa sehemu unayoipenda. Miongoni mwa yanayojitokeza ni kilele cha 12 Februari 2021 kwenye 3,935 na bonde la 4 Machi kwenye 3,768. Kwa namba za Kirumi, ili zisichanganyike na za juu: i hadi 3,581, ii hadi 3,237, iii hadi 3,935, iv hadi 3,768, v hadi 4,537. Pima: 579, 698, 769. La katikati si fupi kuliko yote. Bonde la iv liko juu ya kilele cha i. Imepita. Yale ya Oktoba 2020 yamemezwa ndani ya iii, kama msukosuko wa mwanzo wake, na mgeuko mdogo wa Mei 2021 umemezwa ndani ya v.

Mtindo wa kuandika alama kwa ngazi, tarakimu kwa kubwa, Kirumi kwa ndogo, duara au mabano kwa kubwa zaidi, si urembo. Siku utakapofuta kitu utataka kujua umefuta ghorofa ipi.

Na tukubaliane jambo moja. Hesabu hii nimeifanya nikijua mwisho wake. Mwaka 2020 mwenyewe, aliyekuwa na 1 na 2 mkononi alikuwa na haki sawa ya kuziita A na B za marekebisho ya hatua tatu (A-B-C). Wanaoibeza nadharia hii husema kwamba ukiwapa wataalamu wawili chati moja watarudi na hesabu mbili, na wanasema kweli.

Hatua ya nne: marekebisho, pahali pagumu

Kupanda kulikuwa mazoezi. Kazi yenyewe ni marekebisho, kwa sababu hapo soko halina haraka na maumbo ni mengi.

Yajue manne. Zigizaga ni A-B-C yenye 5-3-5 ndani: mguu wa kwanza una tano, wa kati una tatu, wa mwisho una tano. Bapa ni 3-3-5, na B yake hurudi karibu yote, kwa kawaida asilimia 90 ya A au zaidi. Pembetatu ni hatua tano, A hadi E, na kila moja ina tatu. Halafu kuna mchanganyiko: marekebisho mawili au matatu yaliyounganishwa, yanaandikwa W, X, Y, na X ndiyo daraja. Pembetatu hatutaihitaji leo.

Sasa kushuka kwa 2022. Mwaka ule Benki Kuu ya Marekani ilikuwa inapandisha riba kupambana na mfumuko wa bei, vita vikaanza Ukraine, na S&P 500 ikashuka robo nzima. Orodha ya asilimia 5:

3 Januari 2022: 4,797
27 Januari: 4,327
2 Februari: 4,589
8 Machi: 4,171
29 Machi: 4,632
19 Mei: 3,901
2 Juni: 4,177
16 Juni: 3,667
16 Agosti: 4,305
6 Septemba: 3,908
12 Septemba: 4,110
30 Septemba: 3,586
4 Oktoba: 3,791
12 Oktoba: 3,577

Ukisimama mbali, unaona A-B-C safi kabisa. A hadi 3,667. B hadi 4,305, imerudi asilimia 57 ya A. C hadi 3,577, na urefu wake ni takriban mara 0.64 ya A, jirani na ile 0.618 ya Fibonacci inayopendwa (uwiano unaotokana na mfululizo wa namba 1, 1, 2, 3, 5, 8 na kuendelea). Zigizaga ya kitabuni. Nimeona watu wengi wameiandika hivyo, na mimi niliiandika hivyo.

Ifungue A. Zigizaga inadai mguu wa kwanza uwe na tano. Jaribu 1 hadi 4,327, 2 hadi 4,589, 3 hadi 4,171, 4 hadi 4,632. Hapana: 4 imeingia eneo la 1 kwa pointi mia tatu. Jaribu tena kwa hatua kubwa: 1 hadi 4,171, 2 hadi 4,632, 3 hadi 3,901, 4 hadi 4,177, 5 hadi 3,667. Urefu ni 626, 731, 510, kwa hiyo 3 ndiyo ndefu. Wimbi la 2 halijapita mwanzo. Wimbi la 4 limerudi asilimia 38 ya 3, namba ambayo walimu wa Fibonacci wangeibusu. Kila kitu kiko sawa isipokuwa kimoja. Bonde la 1, tarehe 8 Machi, lilifungia 4,170.70. Kilele cha 4, tarehe 2 Juni, kilifungia 4,176.82.

Pointi sita.

Hapa ndipo utakapojua wewe ni mtu wa aina gani. Kwenye faharisi ya pointi elfu nne, sita ni nini? Utasikia sauti ikisema sheria zilitungwa kwa penseli na rula, zilikuwa na unene wa penseli. Utajaribu bei za ndani ya siku ili uone kama mambo yatakaa sawa, na yatazidi kuharibika, kwa kuwa huko bonde la mwanzo linahamia 24 Februari, siku Urusi ilipoivamia Ukraine, na mwingiliano unakuwa wa makumi ya pointi. Utagonga ule mlango wa kabari: inayobanwa haiwezekani kwa sababu 3 ni ndefu kuliko 1, inayopanuka haiwezekani kwa sababu 5 ni fupi kuliko 3. Milango yote imefungwa. Mguu wa Januari hadi Juni hauna tano, na ile zigizaga nzuri haipo.

Je, ni bapa, yenye A ya tatu? Bapa inataka B irudi karibu yote, na yetu imerudi asilimia 57. Haipo.

Basi hamisha mpaka. Nani alisema mguu wa kwanza unaishia Juni? Kutoka 3 Januari hadi 8 Machi kuna tatu zinazojitegemea: 4,797 hadi 4,327, kurudi 4,589, kisha 4,171. B yake imerudi asilimia 56, na miguu ya pembeni inakaribiana, 470 na 418. Hiyo iite W. Kupanda hadi 4,632 ni X. Kilichobaki, 29 Machi hadi 12 Oktoba, ni Y, na Y ikiwa zigizaga inadai tano, tatu, tano.

Tano ya mwisho iko wazi kwenye orodha bila kushusha kizio: kutoka 4,305, 1 hadi 3,908, 2 hadi 4,110, 3 hadi 3,586, 4 hadi 3,791, 5 hadi 3,577. Pointi 397, 524, 214. Kilele cha 4 kiko chini ya bonde la 1 kwa zaidi ya pointi mia. Hata nafsi yangu yenye ubishi haikupata pa kuishika. Ndani ya 3 kuna ile siku ya 13 Septemba, ripoti ya mfumuko wa bei ilipotoka mbaya na faharisi ikapoteza zaidi ya asilimia 4 kwa siku moja. Hivyo ndivyo tumbo la 3 linavyotakiwa kuwa.

Tano ya kwanza ya Y, 29 Machi hadi 16 Juni, kwa asilimia 5 inaonyesha tatu tu. Shusha kizio hadi asilimia 1.5 kwa mguu huo na utaokota migeuko mingi, likiwemo bonde la 18 Aprili kwenye 4,392 na kilele cha kesho yake kwenye 4,462. Sasa: 1 hadi 4,392, 2 hadi 4,462, 3 hadi 3,901, 4 hadi 4,177, 5 hadi 3,667. Urefu ni 240, 561, 510. Wimbi la 4 limebaki mbali na eneo la 1. Imepita.

Kwa hiyo alama zangu za 2022 ni W-X-Y, zigizaga mbili zenye daraja la Machi. Sina mapenzi makubwa na ile 1 ya Aprili, ni ndogo mno ikilinganishwa na wenzake, na kizio cha asilimia 1.5 kinaleta vurugu ambayo mtu mwenye nia anaweza kuichagulia. Lakini haijavunja sheria, na ile ya kwanza ilivunja. Nachukua mbaya iliyo halali.

Hatua ya tano: bei ya kufuta

Kila hesabu unayoiandika, andika pembeni yake bei moja ambayo ikiguswa alama hizo zinafutwa. Iandike kabla ya kufunga daftari, na uandike pia kama ni ya kufungia au ya ndani ya siku. Kama huwezi kuitaja bei hiyo, basi hujahesabu mawimbi, umechora.

Sasa ada niliyoilipa. Agosti 2022 nilikuwa na zigizaga nyingine, ya Januari hadi Juni, na kwangu marekebisho yalikuwa yameshaisha hapo, 3,667. Kupanda hadi 4,305 nikakuita wimbi la 1 jipya la soko la kupanda. Bei ilipoanza kushuka nikasema 2. Bei ya kufuta nilikuwa nayo, sikuwa mjinga kiasi hicho: 3,667 kwa kufungia, maana 2 hairudi chini ya mwanzo wa 1. Na pesa kidogo nilikuwa nimeziingiza kupitia dalali mmoja wa mtandaoni, kwa imani hiyo.

Tarehe 26 Septemba faharisi ikafungia 3,655. Sheria ya kwanza, mchana kweupe. Nilikaa na simu kitandani, nikahamia kwenye bei za ndani ya siku, kwa sababu huko bonde la Juni lilikuwa 3,637 na siku ile haikufika huko. Nikalala nikiwa na hesabu hai. Kesho yake ikafika. Nikaanza kusema labda bonde la kweli ni la mikataba ya baadaye (futures) na si la faharisi. Mke wangu, ambaye hajui hata Elliott ni nani, akauliza kwa nini ile karatasi ina tundu. Nilikuwa nimefuta palepale mara nyingi mno.

Niliuza 30 Septemba, 3,586. Siku nane za soko baadaye likafika bonde la mwisho la mwaka na kuanza kupanda. Ukiniuliza kama ningeshikilia ningepata, ndiyo, ningepata. Hesabu yangu ilikuwa imekufa hata hivyo. Ningekuwa nimepata kwa sababu nyingine nisiyoijua, na huwezi kujifunza kuhesabu kutokana na hiyo.

Kwa W-X-Y, bei ya kufuta tarehe 12 Oktoba 2022 ilikuwa 3,577 yenyewe: ikifungia chini yake, Y haijaisha. Haikufungia chini. Tarehe 19 Januari 2024 faharisi ikafungia 4,840, juu ya kilele cha 2022.

Vipimo vya Fibonacci viache mpaka hapa, mwishoni. Angalia tulichokipata: wimbi la 2 la mwaka 2020 lilirudi asilimia 23 wakati mazoea yanataka 50 au 62, na zile namba mbili zilizopendeza kuliko zote, 0.64 na 38, zote zilikuwa ndani ya hesabu iliyokufa. Mimi huzichora baada ya sheria kuridhika, kwa penseli nyembamba, na nikisahau kuzichora sijisumbui.

Zoezi

Orodha ya asilimia 5 inayofuata ni hii: 12 Oktoba 2022, 3,577, 30 Novemba, 4,080, 28 Desemba, 3,783, 2 Februari 2023, 4,180, 13 Machi, 3,856, 31 Julai, 4,589, 27 Oktoba, 4,117. Kutoka 3,577 hadi 4,589 kuna miguu mitano kamili, na mkono wako utataka kuandika 1-2-3-4-5 moja kwa moja. Iandike. Kisha zitaje sheria mbili ambazo umezivunja kwa mpigo, uifute, na uanze upya ukiwa na kizio kidogo zaidi.